Mwizi wa Jua la Asubuhi

Mtu wa kwanza wa ukoo wetu kurudi Meru na diploma ni mimi. Naliandika hili juu kabisa kwa sababu walikuwapo watu waliojitahidi sana kulisahau, na baadhi yao bado wako hai. Sikusomeshwa na mangi, yaani chifu wetu, wala na mjomba mwenye ng'ombe. Nilichuma kahawa katika mashamba ya walowezi tangu nilipokuwa mfupi wa kulazimika kuinamisha matawi kwa ndoana. Nilifua nguo za walimu, nililala juu ya magunia katika stoo ya misheni, nikashinda kila mtihani walioniwekea, na mwisho nikavuka ziwa kwenda Uganda kusomea ualimu wa sayansi. Niliporudi, miaka michache baada ya vita vikuu vya pili, nilikuwa na koti moja, sanduku la bati, na karatasi yenye muhuri ambayo Waafrika wote waliokuwa nayo Arusha nzima ungeweza kuwakalisha kwenye benchi moja la kanisa na nafasi ikabaki.

Nikamkuta mama anaibiwa.

Hakuibiwa ng'ombe wala ndizi. Aliibiwa jua.

Anayeujua mlima wetu hatacheka. Kihamba chetu, yaani lile shamba la nyumbani alilotuachia baba, kiko kwenye mteremko unaotazama mashariki. Pale jua ni la asubuhi tu. Ikifika saa sita mawingu hushuka kutoka juu na mlima hujifunika mpaka jioni. Kwa hiyo tuna saa tano za jua, pengine sita, na ndizo zinazolisha migomba, mikahawa, maharage na sisi wenyewe.

Upande wa mashariki wa kihamba alikaa baba mdogo, ndugu yake baba wa tumbo moja. Mpaka wetu ulikuwa mstari wa masale, ile mimea ya majani marefu kama panga ambayo kwetu hupandwa mipakani. Baba alipofariki, baba mdogo alipanda miringaringa mitatu nyuma ya masale hayo, upande wake, pale pale jua linapotokea. Miaka niliyokuwa shuleni na ng'ambo, miti ile ilikuwa inakua. Niliporudi ilikuwa imepita paa la kanisa, na kivuli chake kililala juu ya mistari minne ya mikahawa ya mama mpaka karibu saa tano. Saa sita mawingu. Hesabu mwenyewe mikahawa ile ilipata nini.

Ilikuwa na majani mengi, mapana, ya kijani iliyokolea. Punje hakuna. Tawi zima utakuta sita, saba, za kuhurumia.

Na kwa sababu hiyo baba mdogo alikuwa amekwenda kwa mshili, mkuu wa ukoo wetu, kudai kihamba. Hoja yake ilikuwa fupi: mjane ameshindwa kulitunza shamba, kahawa haizai, kwa desturi ardhi irudi kwa ndugu wa marehemu. Baraza lingekaa baada ya mvua za masika. Likimpa, mama angeondoka katika nyumba aliyoolewa na kuja kukaa nami kwenye chumba kimoja cha mwalimu, chenye kitanda kimoja na dirisha linalotazama choo cha shule.

Nilimwendea siku ya pili tu ya kurudi kwangu. Alikuwa anapalilia karibu na masale.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Naona umerudi na koti. Huku si baridi hivyo."

"Baba mdogo, miti yako inamnyima mama jua."

Akainua uso akaitazama miti kama ndiyo kwanza anaiona. "Jua? Jua ni la Mungu. Mimi nina miti tu."

"Kivuli chake kinaangukia kwetu."

"Basi kikunje ukirudishe."

Wake wa jirani waliokuwa wanapita na majani ya ng'ombe walicheka mpaka mizigo ikayumba. Yeye hakucheka. Alishika tawi la mkahawa wa mama, akageuza jani lake moja. "Hebu tazama, mwalimu. Mti wenye njaa huwa kijani hivi? Huu umeshiba. Unachokosa ni mikono ya mwanamume."

Hapo ndipo hasira yangu ilipowaka, kwa sababu alikuwa anasema uongo wenye sura ya akili, na wote waliosikia walitikisa vichwa. Jani la kivulini huwa pana na kijani kwa sababu ya njaa. Linajitanua kutafuta mwanga, linajaza rangi ile ya kijani, maana kijani ndiyo inayoudaka mwanga. Sinia kubwa si dalili ya shibe. Mwenye njaa ndiye anayeleta sinia kubwa. Lakini nani angenisikiliza? Nilikuwa na maarifa ambayo hakuna mtu mwingine aliyekuwa nayo kati ya mto ule na mto ule, na lugha ya kuyasemea haikuwapo. Siku hizi vijana wanasema usanisinuru, na neno linatoka mdomoni laini kama mafuta. Wakati ule nilikuwa na neno la Kiingereza refu kama treni, na Kimeru changu cha utotoni.

Nikaamua kwenda kuchukua barua kwa Bwana Shamba mjini. Barua ya Mzungu ilikuwa na nguvu barazani, wacha tusidanganyane. Nilishuka kwa miguu kupita katikati ya mashamba ya walowezi, yale mashamba mapana ya chini, tambarare, yenye jua tangu linapochomoza mpaka linapozama. Hakuna aliyewahi kuwaita barazani waeleze waliyapataje. Sisi tulikuwa tumebanwa juu, kati yao na msitu wa serikali, ndugu kwa ndugu tunanyang'anyana kivuli. Nilikuwa natembea huku nasaga meno, na sikujua ni yupi niliyemsagia zaidi, baba mdogo au wale.

Bwana Shamba alikuwa kijana wa Kiingereza, umri wangu au chini yake, pua imebabuka kwa jua. Aliisoma diploma yangu mbele na nyuma kama anayetafuta kosa. Nikamweleza habari ya miringaringa, saa za jua, mawingu ya saa sita. Nilimweleza kwa Kiingereza kizuri kuliko chake.

"Kahawa inapenda kivuli," akasema. "Imo kitabuni."

"Kivuli cha mgomba, bwana, ambacho mwanga unapenya. Hiki ni ukuta."

"Inapenda kivuli," akarudia, akanirudishia karatasi yangu. Kisha akaniuliza kama ningeweza kuja kila Alhamisi kumtafsiria maneno yake kwa wakulima. Mimi, nitafsiri! Nikamwambia kwamba Alhamisi nafundisha, nikatoka bila kuaga, na bila barua.

Nilipokuwa nje pale, jua limenipiga usoni, ndipo nilipopata wazo. Kama sina barua, nitalileta jani lenyewe litoe ushahidi.

Jaribio lenyewe kila mwanafunzi wangu amelifanya. Jani likipata mwanga hutengeneza sukari, na sukari inayozidi huiweka akiba kama wanga, ule ule wa ndizi na viazi. Dawa ya aidini, ile ya kupaka kidonda, ikikutana na wanga hugeuka nyeusi yenye ubuluu. Kwa hiyo unafunika sehemu ya jani kwa karatasi nyeusi, unaliacha juani kwenye mti wake siku mbili, kisha unalichuma, unalichemsha katika spiriti mpaka kijani chote kitoke na jani libaki jeupe kama maiti, halafu unalidondoshea aidini. Palipoona jua panakuwa peusi. Palipofunikwa pale pale panabaki na umanjano. Hakuna wakili anayeweza kubishana na jani hilo.

Aidini nilipewa zahanati. Spiriti nilikwenda kuinunua kwa Mhindi mmoja mwenye duka karibu na Ngarenaro. Akanitazama, akatazama kola yangu, akazuia chupa kwa mkono.

"Mwalimu, hii si ya kunywa. Macho itakufa."

"Ni ya kuchemshia majani."

"Wote nasema hivyo," akajibu kwa huzuni, akaifunga katika gazeti ili nisionekane nayo njiani. Kufikia Jumapili nusu ya usharika walikuwa wanajua kwamba diploma imenifundisha kunywa spiriti.

Siku mbili kabla ya baraza nilikwenda kwenye mikahawa ya mama. Nilichagua majani kwenye mstari wa magharibi, usiofikiwa na kivuli, nikayafunga mkanda wa karatasi nyeusi katikati kwa vibanio vya shule. Nikachagua mengine kwenye mistari ya kivulini, nikayatia alama. Mama hakuwapo, alikuwa amekwenda Kikwe kwenye msiba wa dada yake, na angerudi siku ya baraza moja kwa moja. Nasema hili ili ieleweke kwamba nyumbani nilikuwa peke yangu, mimi na elimu yangu.

Siku ya pili, saa sita kasoro, kabla mawingu hayajashuka, niliyachuma yote. Nikayachovya katika maji yanayochemka ili yafe pale pale na akiba yake isiliwe. Kisha nikawaza kama mtu aliyesoma. Baba mdogo atasema nini? Atasema nimebadilisha majani njiani. Atasema nimeyapaka dawa nyumbani. Basi nitamkabidhi yeye mwenyewe sehemu ya ushahidi, aulaze kwake, aulete kwa mkono wake. Chuoni karatasi za mitihani zililetwa zimefungwa kwa utepe na lakiri, na mtu wa kuzifungua alikuwa mmoja tu, mbele ya wote. Nikayagawa majani mafungu mawili, la jua na la kivuli katika kila fungu, nikayaviringisha kwa jani la mgomba. Kamba za mgomba zilikuwa zimelowa mvua, zinakatika. Masale yalikuwa pale, nayagusa kwa kiwiko. Nikakata jani moja refu, nikalichana, nikafunga kila fungu vizuri na kukaza mafundo mawili yasiyofunguka. Nilijivunia mafundo yale.

Jioni nikalipeleka fungu moja. Baba mdogo alikuwa bado shambani. Alitoka mama mdogo, mkewe. Alipoona nilichoshika alisimama ghafla, akafuta mikono yake kwenye kanga, akalipokea kwa mikono miwili huku amepiga goti kidogo.

"Mungu akubariki, mwanangu," akasema. Macho yake yalikuwa na maji. "Tumesubiri sana."

Nikadhani anasema habari ya baraza. "Mwambie asifungue. Litafunguliwa kesho, mbele ya mshili."

"Afungue? Nani hufungua hili?"

Nikarudi nyumbani kifua mbele. Mwanamke asiyejua kusoma alikuwa ameelewa kanuni ya ushahidi upesi kuliko Bwana Shamba.

Baraza lilikaa asubuhi uani kwa mshili, wazee kwenye mabenchi yaliyoazimwa kanisani, vijana wamesimama nyuma. Mama alifika na vumbi la Kikwe miguuni, akaketi na wanawake pembeni. Baba mdogo alikuwa amevaa kanzu safi, fungu langu kapakata magotini, mtulivu kupita kiasi. Nilipanga vitu vyangu juu ya meza: stovu, sufuria ndogo, chupa ya spiriti, chupa ya aidini, sahani nyeupe. Watu walipoiona spiriti walikonyezana.

Nilizungumza kwa Kimeru tangu mwanzo mpaka mwisho, bila neno moja la Kiingereza, jambo ambalo mpaka leo sijamwona mwalimu mwingine akiliweza. Nikawaambia kwamba kila jani ni jiko. Mizizi inaleta maji. Upande wa chini wa jani kuna midomo midogo isiyoonekana kwa macho, inayovuta hewa. Maji na hewa ndivyo vinavyopikwa, na moto wa kupikia ni jua. Kinachoiva ni sukari, na sukari hiyo ndiyo inayojenga tawi, ua na punje. Nikawaambia nguvu ya jua haipotei. Inafungiwa ndani ya mti. Ukikoka kuni, ule moto unaoota ni jua la miaka iliyopita linatoka lilikofungiwa. Mzee mmoja alisahau kuvuta ugoro, akabaki ameshika pua.

"Na usiku?" akauliza. "Usiku jani linapika nini?"

"Usiku halipiki, babu. Linakula akiba."

"Kama sisi."

"Kama sisi. Sasa jiko lisilowashwa mpaka saa tano, na saa sita likamwagiwa maji, litaivisha nini? Mama yangu hakushindwa kulima. Amezimiwa moto. Na aliyeuzima ameketi pale."

Minong'ono ikapita kwenye mabenchi. Niliiona katika nyuso zao: walikuwa wanaelewa. Nasema kwa uhakika wa mtu aliyefundisha maisha yake yote, walikuwa wanaelewa. Nikawasha stovu. Nikamgeukia baba mdogo, nikamwambia kwa sauti alete fungu nililomkabidhi.

Akasimama. Akaliinua juu kwa mikono miwili, wote walione. Jani la mgomba lilikuwa limeshanyauka, lakini lile isale, lile jani moja la masale nililofungia, lilikuwa bado kijani, na mafundo yangu mawili yamekaza.

Wazee wakalaza fimbo zao chini.

"Nani amefunga hili?" mshili akaniuliza.

"Mimi."

"Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu mwenyewe."

"Na nani amelipeleka kwake?"

"Mimi mwenyewe, jana jioni. Sikumtuma mtu." Nilijibu kwa kujigamba. Nilidhani anathibitisha ushahidi hatua kwa hatua, kama inavyotakiwa.

Kwetu mtu aliyemkosea mwenzake, hata akiwa ameua, hufunga fundo kwenye jani la isale akampelekea. Anayelipeleka amekiri kosa. Anayeletewa hawezi kulikataa. Nilijua hilo. Nilijua kabla sijajua kusoma, na hakuna mtoto wa Meru asiyelijua. Lakini siku ile shambani mkono wangu ulitafuta kamba ukapata kamba. Miaka yangu ya vitabu ilikuwa imenifundisha kuliona jani lile lilivyo ndani, midomo yake, mishipa yake, kijani chake, na nikaacha kuona kitu kingine chochote ndani yake.

"Mwana wa kaka yangu ameniomba radhi," baba mdogo akasema. Sauti yake ilitetemeka, na jambo lililonichoma zaidi ni kwamba haikuwa hila. "Sikulitegemea. Alinitukana mbele ya watu kwamba ni mwizi. Jana amekuja mwenyewe mlangoni kwangu. Nimepokea. Nimesamehe."

"Ile ni kamba!" nikapiga kelele. "Ni kamba tu! Nimefungia majani!"

"Bwana Diploma," akasema yule mzee wa ugoro, "na msalaba nao ni mbao tu?"

Walicheka kidogo, kwa heshima, jinsi watu wanavyocheka msibani. Nikaanza kueleza utepe na lakiri na mitihani. Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyoinamisha macho, kwa maana mtu anayeomba radhi kisha akaikana mbele ya baraza ni mtu wa kutisha. Mshili akanyoosha kidole kwenye stovu. "Zima hiyo."

Nikaizima. Maji yalikuwa yameanza kuchemka.

Ndipo mama alipoinuka. Hakuniangalia hata mara moja.

"Shemeji, umelipokea?"

"Nimelipokea."

"Lililala ndani kwako?"

"Lililala ndani."

"Basi ugomvi umekwisha."

"Umekwisha, shemeji."

"Ugomvi wote?"

Baba mdogo akaligeuza fungu mikononi mwake. Alikuwa amefika mahali pale pale nilipokuwa mimi dakika tano nyuma. Akamtazama mshili, na mshili akajibu akiwa anatazama ardhi: "Isale halifungi nusu ya ugomvi. Aliyepokea hana dai tena juu ya nyumba ya aliyeleta. Kihamba ni cha mjane."

Sasa walicheka kweli kweli, wakapigana migongo, na baba mdogo mwenyewe, baada ya kukunja uso kidogo, akacheka nao. Mimi nilikuwa nafungasha chupa zangu.

Njiani mama alitembea mbele, wepesi kama msichana.

"Mama, sasa wote wanaamini kwamba mwenye kosa nilikuwa mimi."

"Waache waamini."

"Miti bado imesimama!"

"Shamba tunalo. Ulitaka shamba, au ulitaka kushinda?"

"Nilitaka jua, mama. Shamba lisilo na jua ni uwanja wa kuzikia."

"Punguza sauti, watu wa kwa baba yako mdogo wanapita." Akawasalimu watu wa kwao kwa furaha, akawauliza hali ya ng'ombe.

Kwa desturi, aliyesamehe huja kula kwa aliyesamehewa. Baba mdogo alikuja siku ya tatu na mguu wa mbuzi. Mama alipika ndizi na nyama, na mimi, mwenye diploma, nikamnawisha mikono. Tulikula. Mama alipotoka kuchukua chai, baba mdogo alisogeza kiti chake karibu na rafu niliyokuwa nimeweka vitu vyangu.

"Mwalimu," akasema taratibu, na safari hii hapakuwa na mzaha, "ile habari ya jiko. Nimekuwa nikiiwaza. Lile jani lingeonyesha nini hasa?"

Nikaanza kukusanya sahani.

"Hebu nionyeshe. Tuko wawili tu. Kama ni kweli, matawi ya chini yanaweza kupunguzwa. Mti si kitu."

Naikumbuka sura yake. Alikuwa mtu mzima anayetaka kujua jambo, na nimeiona sura hiyo kwa wanafunzi wangu mara nyingi, nami nimeishi kwa ajili yake. Lakini mtu hawezi kukuzima mbele ya ukoo mzima kisha aje chumbani kwako kuomba umwonyeshe faraghani. Lilikuwa jani la baraza lile, si la chai.

"Dawa imekwisha," nikamwambia.

Chupa ya aidini ilikuwa karibu na sikio lake, imejaa zaidi ya nusu, hudhurungi ndani ya kioo. Akaitazama. Akanitazama mimi.

"Sawa, mwalimu," akasema. Mama alipoleta chai akainywa, akamshukuru, akaenda zake. Hakuniuliza tena, na miti haikupunguzwa hata tawi moja mpaka alipofariki.

Mikahawa ile iliendelea na majani yake mapana miaka yote hiyo. Mama aliipalilia, akaitia samadi, akachuma punje zake sita sita. Anayetaka nijute atasubiri. Nilikuwa na haki ya hasira yangu. Ila sikujua kwamba atakayeilipia ni mama, kila msimu, kwa mikono yake.

Baada ya mazishi ya baba mdogo, wanawe walitaka mbao za kuezekea nyumba. Walileta wapasuaji, wakaiangusha miringaringa yote mitatu kwa juma moja. Hawakufikiria jua wala kahawa, walifikiria mabati. Asubuhi iliyofuata mwanga uliingia katika mistari ile minne saa moja na robo. Nilisimama pale na saa yangu mkononi. Msimu wa kwanza majani yaliungua na kupukutika, mama akaogopa. Nikamwambia asubiri, kwamba mti unabadilisha majani ya njaa kwa majani ya kazi. Msimu wa pili matawi yalijaa maua meupe mpaka yakainama, na baada ya hapo yakajaa punje nyekundu, tukatafuta watu wa kutusaidia kuchuma.

Kwenye sikukuu ya mavuno mama alipeleka kikapu cha kahawa mbele ya madhabahu, kikubwa kuliko vyote. Mwinjilisti akaweka mkono juu yake. Akawakumbusha watu kwamba shamba hili lilikuwa tasa wakati wa ugomvi. Akawakumbusha habari ya kijana msomi aliyejishusha, akafunga isale kwa mkono wake, akalipeleka kwa baba yake mdogo. "Mnaona matunda ya msamaha?" akauliza. "Mnayaona kwa macho?" Na kanisa zima, pamoja na yule mzee wa ugoro na wale wake wa majani ya ng'ombe, likaitika kwamba linayaona.

Nikasimama. "Ni jua!" nikasema. Sauti yangu ilifika mpaka mlangoni. "Miti imekatwa, ndugu zangu! Ni jua!"

Vichwa vyote viligeuka, vikiwa na ile huruma ambayo siivumilii. Wakati huo huo nilijua, na hakuna aliyenisaidia kujua, kwamba kati ya watu wote wa mlima ule ni mmoja tu aliyewahi kuniuliza, naye nilimwambia dawa imekwisha. Mama alinivuta pindo la koti nikae.

Sikukaa.